Kabla hujailaumu betri: Namna ya kumjua mgeni aliyejificha kwenye simu yako

Simu zilirudishwa kwa wenyewe Julai 10, 2025. Zilikuwa zimekaa mikononi mwa polisi wa Kenya kwa zaidi ya miezi miwili, tangu Mei 2, siku watengenezaji filamu wanne walipokamatwa jijini Nairobi kwa madai ya kuhusika na filamu ya BBC iitwayo Blood Parliament.

Filamu hiyo ilichunguza mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge la Kenya Juni 25, 2024, na kuwaonyesha askari waliodaiwa kufyatua risasi. BBC ilisema wanne hao hawakushiriki kuitengeneza. Waliachiwa siku iliyofuata bila kufunguliwa mashtaka. Vifaa vyao vilibaki.

Mtu akirudishiwa simu yake, huiwasha kwanza aone kama bado ni nzima. Picha zipo, namba za watu zipo, WhatsApp inafunguka. Anamshukuru Mungu na siku inaendelea. Safari hii simu zilipelekwa kuchunguzwa na Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada inayofuatilia programu za kijasusi. Septemba mwaka huo matokeo yakawekwa wazi: katika baadhi ya simu hizo ilikutwa FlexiSPY, programu ya upelelezi iliyopandikizwa karibu na Mei 21, wakati simu zikiwa bado zinashikiliwa na polisi.

FlexiSPY haihitaji jeshi wala bajeti ya serikali. Inauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kadi ya kulipia. Ikishaingia hujificha, husoma meseji, hunasa mazungumzo, huwasha maikrofoni na kumwonyesha aliyeiweka mahali simu ilipo. Sharti lake ni moja: anayeiweka lazima aishike simu yenyewe kwa muda.

Sharti hilo linapaswa kubadilisha maswali tunayojiuliza. Wengi wetu tukihisi tunachunguzwa, tunapapasa mgongo wa simu kuona kama umepata moto. Swali lenye faida ni jingine: nani ameishika simu hii, na ndani yake yameandikwa majina ya nani?

## Milango minne

Anayetaka kuingia kwenye simu ya mtu bila ridhaa ana njia nne.

Ya kwanza ni mkono. Mwenza anayeijua namba ya kufungulia skrini, fundi aliyeachiwa simu tangu asubuhi hadi jioni, ndugu aliyeazima "apige mara moja". Programu za kumpeleleza mtu binafsi, nyingi kati ya hizo, hupitia hapa.

Ya pili ni programu uliyoipakua mwenyewe, ukidhani ni kitu kingine. Ya tatu ni akaunti na laini yako: mtu haigusi simu kabisa, anaingia kwenye barua pepe, kwenye hifadhi ya picha zako mtandaoni, au anaichukua namba yako ya simu. Ya nne ni mlango usioonekana, ule wa programu za bei kubwa zinazouzwa kwa serikali.

Kila mlango una dalili zake. Dalili ya mmoja haikusaidii kuugundua mwingine, na hapo ndipo ushauri mwingi unaosambazwa unapopotosha.

> Betri ikiisha haraka, kuna sababu nyingi kabla hujafika kwa jasusi. Kompyuta usiyoijua ikiwa kwenye orodha ya WhatsApp yako, sababu ni moja tu.

## Joto si ushahidi

Orodha ya dalili inayozunguka ni ileile: simu inapata moto, chaji haikai, bando linaisha, simu ni nzito. Yote yanaweza kusababishwa na programu ya upelelezi. Yote husababishwa zaidi na mambo ya kawaida.

Betri huzeeka. Apple wenyewe wanasema betri ya iPhone 14 na za kabla yake imetengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Ukichaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka miwili. Joto nalo huletwa na jua la Dar es Salaam, chaja ya bei poa, gemu, na hata mtandao dhaifu, kwa kuwa simu hutumia nguvu zaidi kuutafuta mnara.

Kuhusu bando, mtuhumiwa wa kwanza ni WhatsApp inayopakua yenyewe kila video ya kundi la harusi, akifuatiwa na TikTok.

Dalili hizi huwa na maana zikija ghafla, bila simu kusasishwa wala matumizi kubadilika, na hasa zikiwa na jina nyuma yake. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya betri, kisha ya matumizi ya data. Zote mbili huonyesha programu moja baada ya nyingine, na kila moja imetumia kiasi gani. Programu usiyoikumbuka, inayokula data usiku wa manane, ni jambo la kufuatilia. Simu yenye joto peke yake si jambo.

Kuna pia namba maarufu ya *#21#. Ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi husema ukiipiga utajua kama unasikilizwa. Kazi yake halisi ni kuuliza kampuni ya simu iwapo simu zinazopigwa kwako zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Ndugu yake, *#62#, huonyesha simu zinakwenda wapi usipopatikana, na mara nyingi jibu ni namba ya kampuni ya kuhifadhi ujumbe wa sauti. Watu huiona namba hiyo wakapata kiwewe bure.

Hata hivyo kuelekezwa kwa simu si mchezo. Wapo matapeli wanaokupigia kwa sauti ya upole, wakijitambulisha kama watoa huduma, na kukuomba ubonyeze namba inayoanza na **21* ikifuatiwa na tarakimu kadhaa. Ukibonyeza, simu zako zinakwenda kwao, ikiwemo ile ya kuthibitisha akaunti ya WhatsApp. Ukikuta simu zako zimeelekezwa kwenye namba usiyoijua, ##002# hufuta maelekezo yote.

## Orodha ndiyo yenye maneno

Mgeni wa simu huacha jina lake mahali fulani, hata kama jina hilo ni la uongo. Sehemu zifuatazo zinakaguliwa kwa dakika chache, bila fundi wala gharama.

Anza na WhatsApp. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Anayeichukua simu yako ikiwa imefunguliwa anahitaji chini ya dakika moja kupiga picha ya msimbo kwenye kompyuta yake. Kuanzia hapo anasoma meseji zako akiwa popote, na hata ukizima simu yeye anaendelea. Hakuna joto, hakuna betri inayokwisha. Kilichopo ni mstari mmoja katika sehemu iliyoandikwa Linked Devices: jina la kifaa na saa kilipotumika mara ya mwisho. Ukiona kompyuta usiyoijua, iguse na uitoe.

Nenda kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, palipoorodheshwa vifaa vyako. Kwa iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, kisha shuka hadi chini. Simu ya zamani uliyoiuza bila kuifuta inaweza kuwa bado imo. Kwenye ramani za Google kuna orodha ya watu wanaoona mahali ulipo. Wapo waliowasha huduma hiyo siku ya safari moja na hawakuizima tena, na wapo waliowashiwa na mtu mwingine.

Kwa wenye iPhone hoja hii ya akaunti ni nzito zaidi. Anayejua nywila ya akaunti yako ya iCloud, na akaipata namba ya uthibitisho, hana haja ya kupandikiza chochote. Anaweza kusoma nakala ya simu yako iliyohifadhiwa mtandaoni. Utaikagua simu usiku kucha usikute kitu, kwa sababu mwizi hayumo ndani ya simu.

Kwa wenye Android, pa kutazama kwa makini ni sehemu ya Accessibility. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakiwemo wasioona wanaosomewa skrini kwa sauti. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kinachoonekana kwenye kioo na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ndiyo maana wezi wa fedha na wauza programu za upelelezi huitafuta kuliko ruhusa nyingine yoyote. Ikiwa hutumii msaada huo, sehemu hiyo inapaswa kuwa haina programu ya nje iliyowashwa. Tahadhari na majina ya kitaalamu yasiyosema chochote, kama "System Service" au "Sync". Yamechaguliwa makusudi ili uyapite.

Tazama pia programu zilizopewa ruhusa ya kusoma arifa, zilizopewa mamlaka ya kusimamia simu nzima, na zile zinazoruhusiwa kusakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi. Kisha fungua Play Store uone kama Play Protect, mlinzi wa Google, bado yupo kazini. Wanaopandikiza programu hizi humzima kwanza. Ukikuta amezimwa na hukumzima wewe, hiyo ni dalili nzito kuliko joto la wiki nzima.

Mwisho, inua macho kwenye pembe ya juu ya kioo. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, nukta ndogo hutokea kamera au maikrofoni inapotumika. Kwa iPhone, kijani ni kamera na rangi ya chungwa ni maikrofoni. Ikiwaka huku huongei wala hurekodi, vuta kidirisha cha mipangilio ya haraka kutoka juu ya kioo ujue ni programu gani.

> Ukikuta Play Protect imezimwa na hukuizima wewe, hiyo ni dalili nzito kuliko joto la wiki nzima.

## Laini inapokufa ghafla

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, simu ni pochi. Kwa hiyo mwizi ambaye wengi wetu tunakutana naye hataki siri zetu, anataka salio.

Njia yake moja ni kuihamisha namba yako kwenye kadi nyingine ya laini. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na kuweka ukomo wa Januari 20, 2020 kwa laini zisizosajiliwa hivyo, lakini matapeli waligeukia kuwarubuni watu na wakati mwingine kuwatumia wasajili wasio waaminifu.

Dalili ya laini iliyohamishwa ni ya wazi na haina subira: mtandao unakatika kabisa kwenye simu yako huku wa jirani yako, wa kampuni hiyohiyo, unapatikana. Usisubiri kesho. Azima simu, piga huduma kwa wateja, funga laini na akaunti ya fedha, ndipo uulize maswali.

Dalili nyingine ni namba za uthibitisho zinazoingia bila wewe kuziomba. Hizo humaanisha mtu yuko mlangoni na namba yako mkononi, hajaingia. Ataingia ukimsomea. Hakuna mfanyakazi halali wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji namba hiyo, kama ambavyo hahitaji usakinishe AnyDesk au TeamViewer ili "akusaidie". Programu hizo mbili ni halali na hutumiwa na mafundi wa kompyuta duniani kote, lakini kazi yake ni kumpa mtu wa mbali skrini yako.

Tanzania, piga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji za kitapeli zitume kwenda 15040. Kenya, wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe kupitia kwa mtu mwingine.

## Salio linaloyeyuka

Kuna wakati mlalamikaji wa bando huwa na haki kabisa. Agosti 2020, kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper zikiwa zimo tangu dukani. Zilikuwa zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua, na kula salio. Kufuta kila kitu na kuirudisha simu kama mpya hakukusaidia. Transsion, kampuni ya China inayomiliki Tecno, ilimtupia lawama mtoa huduma mmoja katika mnyororo wake wa uzalishaji na kusema imetoa marekebisho.

Mwaka uliofuata Triada ileile ikaibukia kwingine. Kampuni ya Kaspersky iliikuta ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya zile WhatsApp zilizochakachuliwa, kundi moja na GB WhatsApp. Vijana wengi huzipenda kwa sababu zinaruhusu kuficha kwamba umesoma meseji au kuona meseji iliyofutwa. Hazipatikani kwenye duka rasmi. Hutumwa mkono kwa mkono kama faili. Anayeiweka anaweza kuwa anampa mtu asiyemjua meseji zake zote, kisha anaanza kuhofia mdukuzi.

Programu za mikopo ya haraka ni ndugu wa karibu. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma namba za watu na meseji, na ukichelewa kulipa, shemeji yako na bosi wako ndio wanaotumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kisheria zimekatazwa, lakini kwenye simu ambayo hazijaondolewa, ruhusa zake zinabaki palepale.

## Pale dalili zisipokuwepo

Sasa ule mlango wa nne. Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu alipokea meseji zilizomwahidi siri za mateso magerezani, zikiwa na kiungo cha kubonyeza. Hakubonyeza, alizituma Citizen Lab. Kiungo kilikuwa mtego wa Pegasus, programu ya kampuni ya NSO Group ya Israel, na Apple ililazimika kutoa marekebisho ya dharura ya iPhone.

Miaka mitatu baadaye hata kubonyeza hakukuhitajika tena. Mwaka 2019 WhatsApp ilisema takriban watu 1,400 walishambuliwa kwa simu ya WhatsApp iliyoingia tu, ipokelewe isipokelewe. Miongoni mwa waliolengwa walikuwepo Wanyarwanda wanaoishi uhamishoni. Serikali ya Rwanda imekanusha kutumia Pegasus. Desemba 2021 ikaripotiwa kwamba simu za wafanyakazi 11 wa Ubalozi wa Marekani nchini Uganda, au wanaoshughulikia masuala ya Uganda, zilidukuliwa kwa programu hiyohiyo.

Katika mlango huu, kupapasa simu hakukusaidii. Kinachofaa ni kusasisha simu mara tu toleo jipya linapotoka, na kuizima na kuiwasha angalau mara moja kwa wiki, ushauri uliowahi kutolewa na shirika la usalama la NSA la Marekani, kwa kuwa baadhi ya programu hizi haziishi simu inapozimwa. Wenye iPhone walio hatarini wana hali maalumu ya ulinzi iitwayo Lockdown Mode, iliyoletwa mwaka 2022.

Tangu Novemba 2021 Apple huwaarifu watumiaji inaodhani wamelengwa. Ujumbe halisi haukuombi ubonyeze kitu wala usakinishe chochote, na utauona pia ukiingia mwenyewe kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Apple. Ukiupata, hiyo si kazi ya fundi wa mtaani. Mashirika kama Access Now na Amnesty International yana wataalamu wanaowasaidia wanahabari na watetezi wa haki.

## Mume, mzazi, bosi na dola

Kila anayeingia kwenye simu ya mwingine ana sababu anayoiona ni ya haki.

Dola husema inawinda magaidi na wahalifu. NSO imekuwa ikijitetea hivyohivyo: inauzia serikali pekee, kwa kazi hiyo. Marekani haikuridhika, ikaiweka kwenye orodha ya kampuni zilizozuiwa kibiashara Novemba 2021. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamuru iilipe WhatsApp zaidi ya dola milioni 167. Jaji baadaye alikipunguza kiasi hicho mno, lakini akaizuia kampuni hiyo kuwashambulia tena watumiaji wa WhatsApp.

Polisi wana haki ya kukagua simu wakiwa na amri ya mahakama. Kuikagua simu ni kusoma yaliyomo siku ile. Kuirudisha ikiwa na msikilizaji ndani ni kumfuata mtu nyumbani, chumbani na kwa wakili wake, kwa siku ambazo hakuna hakimu aliyeziona.

Mzazi anasema mtoto ni wake. Ni kweli, na zipo zana za wazi kama Family Link ya Google, ambamo mtoto mwenyewe anaona kwamba anasimamiwa. Mwajiri anasema simu ni ya ofisi. Ni kweli pia, ikiwa mfanyakazi ameelezwa. Kinachotenganisha usimamizi na upelelezi ni kufichwa.

Mume au mke anasema anataka kujua ukweli. Hapa sheria haiangalii ugoni wala mahari. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinafanya kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na adhabu yake ni faini isiyopungua Sh3 milioni, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Simu ni kompyuta. Kenya, sheria ya mwaka 2018 inaweka hadi Sh5 milioni za huko au miaka mitatu jela. Katiba za nchi zote mbili, Ibara ya 16 Tanzania na ya 31 Kenya, zinalinda faragha, na hazikumtoa mtu kwa sababu ameoa au ameolewa.

Anayenunua programu hizi hujiweka hatarini yeye mwenyewe pia. Mwaka 2024 taarifa za mamilioni ya wateja wa mSpy, mojawapo ya programu hizo, zilivuja mtandaoni. Waliotaka kumchungulia mtu wakachunguliwa wao.

> Kinachotenganisha usimamizi na upelelezi ni kufichwa.

## Ukimkuta, usimtimue kwa pupa

Mtu akiona kompyuta ngeni kwenye WhatsApp yake, mkono humwenda mbio kufuta. Kwa mwizi wa salio, sawa, futa upesi. Kwa anayeshuku mwenza mwenye mkono mwepesi wa kupiga, ni hatari: programu ikitolewa, aliyeiweka huarifiwa au huona kimya, naye anajua umeshtuka. Panga kwanza usalama wako, ukitumia simu ambayo mtu huyo hajawahi kuigusa.

Baada ya hapo fuata utaratibu huu:

- Piga picha ya kila ulichokiona kwa kutumia simu nyingine: jina la programu, ruhusa zake, tarehe na saa. Huo ndio ushahidi wa polisi, au wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023.
- Badilisha nywila za barua pepe, iCloud na benki kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Ukizibadilishia kwenye simu iliyoingiliwa, umemsomea mgeni nywila mpya.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp.
- Ondoa vifaa usivyovijua kwenye akaunti zote, kisha programu yenyewe. Ikikataa kuondoka, iondolee kwanza mamlaka ya kusimamia simu.
- Ikibidi, hifadhi picha na namba tu, kisha ifute simu yote. Usirudishe programu kutoka nakala ya zamani. Zipakue upya dukani, moja baada ya nyingine.
- Weka namba mpya ya kufungulia skrini, tarakimu sita au zaidi, isiyojulikana na mwenza, mtoto wala rafiki.

Inabaki meza ya fundi. Ukipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaziona simu zimepangwa, nyingine zimebandikwa kikaratasi chenye namba ya kufungulia skrini. Mafundi walio wengi ni waaminifu na wanaiomba ili kujaribu kazi yao. Lakini simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo, na Pixel za Google zina ya kwao, zinazomruhusu fundi kujaribu kioo, spika na kamera bila kuona meseji hata moja. Kama simu yako haina hali hiyo, kaa hapohapo ifunguliwe mbele yako. Kubadilisha kioo au tundu la chaji hakuhitaji nywila, na fundi asiyekubali hilo si wa kuachiwa simu.